'Baba Yetu' mlangoni mwa gemu: Hiyo 'yetu' ni ya nani?

KATIKA uhakiki wa fasihi tumezoea kuuchukulia mwanzo wa kazi kuwa ahadi. Fanani akisema "Paukwa!" nayo hadhira ikajibu "Pakawa!", pande zote mbili zimeshawekeana mkataba kwamba kinachofuata ni ngano, si taarifa ya habari. Mtunzi wa utenzi naye huanza kwa kumtaja Mungu na kuagiza wino na karatasi, ndipo aingie kwenye kisa chenyewe. Mhakiki Mfaransa, Gérard Genette, aliandika kitabu kizima kuhusu suala hili mwaka wa 1987. Aliyafananisha mambo yanayoitangulia matini, kama vile jina, jalada, tabaruku na dibaji, na vizingiti vya nyumba. Namna mtu anavyovuka kizingiti huathiri sana jinsi atakavyoiona nyumba yenyewe.

Leo nataka tukitazame kizingiti ambacho wengi wetu, hasa sisi tuliosomeshwa kwa chaki na ubao, hatujazoea kukihakiki. Nazungumzia mwanzo wa mchezo wa video, au gemu kama wasemavyo vijana. Gemu ninayoikusudia ni Civilization IV, iliyotolewa mwaka wa 2005 na kampuni ya Firaxis ya Marekani. Ni ya nne katika mfululizo ulioanzishwa na Sid Meier mwaka wa 1991. Humo mchezaji hupewa taifa changa, akaliongoza kutoka mwaka wa 4000 kabla ya Kristo hadi zama za vyombo vya angani. Nimeichagua kwa sababu moja. Ukiifungua, kabla hujabofya chochote, kinachokulaki ni Kiswahili.

Tuanze na kile ambacho jicho linakiona. Skrini inaonyesha sayari yetu ikiwa angani, ikizunguka polepole katika giza. Hakuna mtu wala mji. Mbele ya picha hiyo kuna orodha fupi ya maneno ya Kiingereza ya kumwelekeza mchezaji aanze mchezo, aendelee na ule aliouhifadhi, au atoke. Sikio nalo linapata kitu tofauti kabisa. Mwimbaji mmoja anaanzisha, kwaya inamwitikia, ngoma na ala za okestra zinapanda pamoja nao. Wimbo ni "Baba Yetu", na maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili.

Muziki ulitungwa na Christopher Tin, Mmarekani aliyesoma Chuo Kikuu cha Stanford pamoja na Soren Johnson, kiongozi wa wasanifu wa gemu hiyo. Chris Kiagiri ndiye anayetajwa kuwa aliyeiandaa matini ya Kiswahili. Waimbaji walikuwa Ron Ragin na kundi la Talisman la chuo hichohicho. Baadaye Tin aliurekodi upya wimbo huo na Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini, akaufanya kuwa wa kwanza katika albamu yake Calling All Dawns ya mwaka wa 2009, yenye nyimbo 12 katika lugha 12. Februari 2011 "Baba Yetu" ukawa muziki wa kwanza wa gemu kushinda tuzo ya Grammy.

Basi kila tunapoadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, Julai 7, sikosi kumsikia mzungumzaji mmoja akiutaja wimbo huu kama ushahidi kwamba lugha yetu imefika mbali. Makofi yanapigwa. Nami hupiga, kwa sababu wimbo ni mzuri na fahari si dhambi. Lakini mhakiki hawezi kuishia kwenye makofi. Swali langu ni hili: Kiswahili kimewekwa pale mlangoni kifanye kazi gani? Kimealikwa kama mgeni wa heshima atakayekaribishwa ndani, au kimetundikwa kama pambo?

Jawabu limo katika neno moja, nalo ni "yetu".

Wanafunzi wa sarufi watakumbuka kwamba "baba" ni nomino ya kiumbe hai, kwa hivyo kitenzi chake hufuata ngeli ya A-WA: baba anakuja, baba amelala. Lakini kimilikishi chake hakifuati njia hiyo. Hatusemi "baba wetu" bali "baba yetu", kama tusemavyo mama yetu, ndugu yetu na rafiki yetu. Jina la wimbo tayari ni somo la upatanisho wa kisarufi. Hata hivyo, "yetu" ina jambo jingine la kuvutia zaidi. Kimalei kina maneno mawili ya "sisi": kita, linalomjumuisha msikilizaji, na kami, linalomwacha nje. Kiswahili hakina tofauti hiyo. Nikikwambia "nyumba yetu", ni muktadha tu utakaokuonyesha kama nawe una chumba humo au umekuja kutembea. Kwa hivyo tunaposikia "yetu" juu ya picha ya dunia nzima, tuna haki ya kuuliza: nani yumo na nani hayumo?

Kwa msikilizaji asiyejua Kiswahili, yaani wengi sana miongoni mwa walioinunua gemu hii, jawabu ni rahisi. Kwake hakuna "yetu". Kuna sauti tamu zenye irabu nyingi, kuna kupokezana kwa kiongozi na waitikiaji, kuna ngoma. Anasikia "Afrika", na katika Afrika hiyo anasikia "mwanzo wa binadamu". Picha ya sayari gizani na sauti ya kwaya vinashirikiana kumwambia kwamba hapa ndipo kila kitu kilipoanzia.

Hii si mara ya kwanza kwa lugha yetu kupewa kazi ya bawabu. Mwaka wa 1987 Michael Jackson alitoa "Liberian Girl". Wimbo unafunguka kwa maneno ya Kiswahili yaliyosemwa na Letta Mbulu wa Afrika Kusini, ingawa msichana anayesifiwa ni wa Liberia, nchi ambayo watu wake hawasemi Kiswahili. Mwaka wa 1994 The Lion King ikafuata na "hakuna matata". Kote huko Kiswahili ni harufu ya Afrika, kama udi unaofukizwa mlangoni. Anayeunusa haulizi umetoka duka gani.

Jambo hili linakuwa zito zaidi tukizingatia wakati. Gemu inaanza miaka 4000 kabla ya Kristo. Kiswahili tukijuacho ni lugha ya pwani iliyokua katika milenia ya kwanza baada ya Kristo na kuendelea, lugha ya miji ya mawe, ya majahazi, ya biashara na dunia. Kukitumia kuwa sauti ya alfajiri ya wanadamu ni kukivua historia yake. Lugha ya wafanyabiashara na wanazuoni inavishwa ngozi na kupelekwa pangoni.

Sasa tumgeukie msikilizaji anayeelewa. Kwake mambo yanabadilika kabisa, na hapa ndipo ninapouona utajiri wa mwanzo huu, pengine kuliko ulivyokusudiwa na waliouunda.

Kwanza, atatambua kwamba matini imefuata kwa karibu tafsiri ya Biblia Habari Njema. Kiashirio kimoja ni neno "chakula". Biblia ya Union Version ina "riziki" mahali hapo, nayo sala iliyozoeleka kwa Wakatoliki ina "mkate". Maneno matatu haya hayana uzito sawa. "Mkate" umebaki karibu na matini asilia ya Mashariki ya Kati. "Riziki" ni neno la Kiarabu lililozama katika imani ya Mswahili kwamba kila kiumbe ana fungu lake aliloandikiwa. "Chakula" ni neno la jikoni, ambalo kila mtu analielewa. Mwandaaji alichagua lugha ya leo, nami naona alichagua vyema.

Pili, atagundua kwamba muziki umeikanyaga sarufi hapa na pale. Kitenzi "uliye" ni cha urejeshi, na hapa hakikamiliki mpaka tuambiwe yuko wapi. Katika wimbo kimeachwa kikining'inia mwishoni mwa mshororo, na "mbinguni" ikasukumiwa mshororo unaofuata. Isitoshe, "mbinguni" imefuatwa na "yetu", ilhali nomino yenye kiambishi -ni cha mahali hudai "kwetu", "petu" au "mwetu". Mtu anaweza kutetea kwamba "yetu" hiyo ni mwangwi wa "baba yetu" ya awali, na mwangwi una ruhusa zake katika muziki. Mimi naukubali utetezi huo. Uhuru wa mshairi hatukuuvumbua jana. Lakini unatudokezea kwamba aliyepanga sauti alisikiliza silabi kwanza, maana baadaye.

Tatu, na hili ndilo kubwa, anayeelewa atasikia kinaya. Sala inaomba ufalme wa Mungu ufike. Mchezaji, kidole kikiwa juu ya kipanya, yuko tayari kuanza kujenga ufalme wake mwenyewe. Sala inaomba chakula cha leo tu. Katika gemu chakula ni mtaji: miji hukua kwa ziada yake, na miji iliyokua hutoa majeshi. Sala inaomba msamaha na kuahidi kusamehe. Katika gemu watawala wanaoendeshwa na kompyuta huweka hesabu ya mabaya uliyowatendea, na kila baya linapunguza urafiki wao nawe. Miongoni mwa njia za kushinda imo ya kuwafuta wapinzani wote duniani. Asiyejua Kiswahili anapita mlangoni akipiga mluzi. Anayekijua ameonywa kabla ya kuingia. Kwake wimbo haulisifu tu gemu, bali unalihukumu.

Kuhusu dini pia kuna la kusema. Civilization IV ndiyo ya kwanza katika mfululizo huu kuwa na dini, nazo ni saba: Uyahudi, Ukristo, Uislamu, Uhindu, Ubuddha, Ukonfyushasi na Utao. Zote zimepewa uwezo sawa ili pasiwe na anayelalamika. Dini za jadi za Kiafrika hazimo. Ukristo wenyewe hauzaliwi mpaka taifa fulani ligundue theolojia. Lakini pale mlangoni, kabla ya taifa lolote kuwapo, sala ya Kikristo imeshaimbwa. Ingeimbwa kwa Kiingereza, wangapi wangenyamaza? Kiswahili kimetumika kama shela: kimeificha sala huku kikiiacha sauti yake ipite. Na tusisahau kwamba kwa Waswahili wengi wa Lamu, Mombasa na Unguja, sala inayofungua kazi yoyote ile ni Bismillahi.

Haya, tubofye tuingie ndani. Wimbo unakatika. Inayoshika usukani ni sauti ya Kiingereza ya Leonard Nimoy, mwigizaji maarufu wa Star Trek, tamthilia ambayo nayo ilikuwa na mhusika Uhura, jina lililochongwa kutoka neno letu "uhuru". Mchezaji anatakiwa kuchagua taifa. Katika toleo la awali yamo 18. Tuwe wakweli: Afrika haikusahaulika. Misri imo, Mali imo na Mansa Musa wake. Nyongeza ya 2006 ilimleta Shaka na Wazulu, na ile ya 2007 ikaleta Uhabeshi na Zara Yaqob. Waswahili je? Hawamo.

Hawamo, ingawa sifa wanazo. Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa mwaka wa 1331 na kutuachia maelezo yake. Masultani wa Kilwa walitengeneza sarafu zao wenyewe. Nakala kongwe ya Utendi wa Tambuka inayojulikana ni ya 1728. Miji, fedha na maandishi: kama hivyo havitoshi kuitwa ustaarabu, sijui kinachotosha. Katika gemu ya sita, ya mwaka wa 2016, Zanzibar ilitokea, lakini kama mji mdogo unaowapa wakubwa karafuu na mdalasini wanapoushawishi. Lugha iliyowaimbia wote wakiingia haikupata kiti mezani. Inaruhusiwa kuuza viungo.

Nilipoyaeleza haya darasani, mwanafunzi mmoja wa uzamili aliinua mkono akasema, "Lakini Prof, si hiyo ni gemu tu? Wametupromoti bure, tushukuru." Darasa lilicheka, nami nikacheka. Hoja yake lakini si ya kutupwa. Kwaya za shule na vyuo katika nchi nyingi zimejifunza kutamka Kiswahili kupitia wimbo huu. Kuna watu ambao kizingiti chao cha kuingia katika lugha yetu kilikuwa hiki, na baadhi yao wakasonga mbele wakajifunza kuongea. Aidha, Tin hakuitukana lugha yetu. Aliiheshimu kwa muziki uliofanyiwa kazi kwelikweli, na katika albamu yake aliiweka mbele ya lugha nyingine 11.

Kwa hivyo silalamiki kwamba tumeibiwa. Lalamiko langu ni jingine, na ili lieleweke tutazame milango ya gemu zilizofuata. Tin alirudi kuitungia ile ya sita wimbo wa Kiitaliano, "Sogno di Volare". Maneno yake yanatokana na maandishi ya Leonardo da Vinci kuhusu ndoto ya kuruka. Mwaka wa 2025 akaitungia ya saba wimbo wa Kigiriki cha kale, na maneno yakatoka katika Iliadi ya Homer. Umeona tofauti? Kiitaliano kilipoitwa mlangoni, kilikuja na Leonardo. Kigiriki kilikuja na Homer. Kiswahili kilikuja na tafsiri.

Nisieleweke vibaya. Sala hiyo ni ya Waswahili pia kwa matumizi. Mamilioni huisali kwa Kiswahili kila siku, na hakuna anayeiona ngeni kinywani mwake. Lakini haikutungwa kwetu. Wenzetu waliombwa walichotunga, sisi tukaombwa tulichokariri. Walichukua sauti ya lugha wakaiacha fasihi yake.

Na fasihi hiyo ilikuwapo. Kama kuna kazi ya Kiswahili iliyostahili kufungua gemu kuhusu kuinuka kwa mataifa, ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Mshairi anaanza kwa kumsifu Mungu, kisha anauonyesha moyo wake majumba ya Pate yaliyokuwa yamejaa taa, vyombo vya thamani na watu wenye maringo, ambayo sasa yamekuwa magofu yanayokaliwa na wadudu na ndege. Tazama jinsi mwanzo na mwili wa kazi vinavyoshikana. Dua ya mwanzo inamfunga mshairi mwenyewe: aliyejinyenyekeza mlangoni hawezi kugeuka ndani akajivunia makasri. Hiyo ndiyo ahadi ya kizingiti katika utanzu wa utenzi. Civilization IV ina dua nzuri, lakini dua hiyo haimfungi mtu yeyote. Ukishabofya, unaruhusiwa kila kitu.

Lakini mtunzi wa California angeijulia wapi Al-Inkishafi? Hapa lawama inatugeukia sisi wenyewe tulio kwenye vyuo. Miswada mingi ya Kiswahili imehifadhiwa katika maktaba za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na SOAS, London. Sisi wataalamu tunaisoma, tunaiandikia makala ya kupandishwa vyeo, kisha tunairudisha rafuni. Kijana wa Nakuru au Kakamega anayejifunza kuunda gemu hana toleo rahisi lenye maelezo, wala rekodi ya utenzi ukighanwa ambayo angeweza kuipata kwenye simu yake. Tukitaka Kiswahili kialikwe na maandishi yake, lazima kwanza maandishi hayo yawe mahali ambapo mwenye kualika anaweza kuyaona.

Kwa walimu nina pendekezo dogo. Wachezesheni wanafunzi mwanzo huu wa gemu darasani, dakika chache tu zinatosha. Waulizeni nani amejumuishwa katika "yetu". Walinganishe "chakula", "riziki" na "mkate". Waeleze kwa nini "mbinguni" haipatani na "yetu". Kisha wape kazi ya nyumbani: wachague beti za utenzi mmoja ambazo wangeziweka mlangoni mwa gemu ya kwao, nao watetee chaguo lao. Mtashangaa jinsi mwanafunzi anayesinzia katika somo la ushairi atakavyoamka.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kiswahili kimecheza ugenini, kikatunzwa Grammy, na si haba. Lakini ngoma ya kwetu bado haijapigwa, na watakaoipiga ni hawa vijana wanaotuambia kwamba hiyo ni gemu tu.